Ngurumo Kichwani mwa Mtani Wangu

Wauguzi wadogo niliowafundisha kazi hunisifia swali moja. Kabla mgonjwa hajapanda kitanda cha upasuaji, hata akiwa amekuja kupasuliwa jipu tu, mimi humwuliza: "Kuna kitu chochote ambacho daktari amewahi kukuwekea ndani ya mwili, kikabaki humo?" Simwulizi kama ana chuma, maana ataangalia vidole vyake na kuniambia pete ameacha nyumbani. Namwuliza kilichobaki ndani. Halafu namwuliza aliyemleta swali lile lile, halafu nasoma kila karatasi aliyokuja nayo, hata iliyofungiwa karanga. Wananiita mwangalifu. Nawaacha waniite hivyo, na kila mara naona haya, kwa sababu swali hilo sikulipata chuoni. Nililipata kwa kumharibia mtu masikio.

Mtu huyo alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mmakonde wa Mnyambe, huko juu Newala. Yeye ni Mmakua wa Lulindi, na koo zetu mbili zimetaniana tangu enzi za mababu. Asiyekulia kwetu hudhani utani ni mzaha tu. Ni mzaha, ila una sheria. Mtani wako anaweza kuingia uani kwako akabeba jogoo mchana kweupe na wewe ukabaki unacheka. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Lolote atakalosema mtani halikasirikiwi. Hiyo ndiyo sheria tuliyorithi. Sisi wawili tukaongeza ya pili bila kukubaliana wala kuitamka: lolote atakalosema mtani halichukuliwi kwa uzito.

Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenzangu wa rika langu, mrefu, mwenye mdomo usiopoa. Aliishi na mama yake mzazi, ambaye ugonjwa wa vikope ulikuwa umemla macho yote mawili. Yeye mwenyewe, akiwa msichana, aliugua kifua kikuu akapigwa sindano mfululizo kwa majuma. Kifua kikapona, masikio yakafa. Basi nyumba ikawa na mmoja asiyeona na mmoja asiyesikia. Mama anaita kutoka chumbani, binti yuko kibarazani anashona, hajui kama ameitwa. Siku moja mama akaungua mguu jikoni akimtafuta binti aliyekuwa hatua tano kutoka kwake. Wageni waliokuwa wakija misheni wakawaonea huruma, wakampeleka binti kwao Ulaya, akapasuliwa nyuma ya sikio la kulia, akarudi anasikia. Hakusikia kama tunavyosikia sisi. Alisema mwanzoni watu wote walikuwa na sauti ya bata. Lakini sauti ya mama yake aliitambua ndani ya juma moja, na tangu hapo yule mama alikuwa akiita na kuitikiwa.

Kifaa chenyewe kilikuwa na sehemu mbili. Ya nje ilikuwa kisanduku mfano wa redio ndogo ya mfukoni, alichokivaa kiunoni ndani ya mfuko wa kitambaa aliojishonea. Kilitumia betri ndogo za kawaida za dukani. Kutoka hapo waya ulipanda hadi nyuma ya sikio, ukaishia kwenye kidude cha mviringo kilichonata kichwani bila gundi. Ya ndani ilikuwa chini ya ngozi, haionekani: sumaku, mitambo midogo, na uzi mwembamba ulioingia hadi kwenye sikio la ndani kabisa. Haya yote alinieleza mwenyewe. Tena alikuwa na mchezo wake wa kuwachekesha watoto: anachomoa kile kidude, anachukua pini ya kushonea, anaiweka juu ya nywele nyuma ya sikio, na pini inanata pale pale. Mimi nilikuwepo. Niliiona ile pini kwa macho yangu, nikacheka na watoto.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanitafutia udhuru.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipokolea kwetu. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na malori yao, na maduka ya Masasi yaliyokuwa na sabuni na chumvi tu yakajaa redio, saa, viatu, tochi, na kila kitu kilichong'aa. Kilichong'aa hakikudumu, ndiyo maana neno "feki" tulilijua kabla ya kujua nusu ya majina ya bidhaa zenyewe. Serikali ikaruhusu watu kufungua hospitali zao. Daktari mmoja aliyestaafu serikalini akafungua yake mjini Masasi, ndogo, safi, yenye mapazia, na mimi nikaacha wodi ya serikali nikamfuata. Nilikuwa muuguzi msaidizi. Kule kwake nilishona sare mpya, nikanyoosha shingo.

Daktari alikuwa mtu mwema na mwepesi wa hasira. Alinunua Dar es Salaam mashine ya umeme ya kuchomea mishipa ya damu wakati wa upasuaji. Ilikuwa imeshatumika kwingine, ila kwetu ilikuwa mpya. Mgonjwa anawekewa bamba la chuma pajani, daktari anashika kitu kama kalamu, anakanyaga pedeli, damu inakauka. Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika ishirini. Kila mgeni aliyefika nilimpeleka kuiona ile mashine kana kwamba nimeizaa mimi.

Kitu kimoja tu kilinitia unyonge pale: Kiingereza changu. Siku moja daktari aliniachia maelekezo ya dawa, nikayasoma vibaya, akanifokea mbele ya wagonjwa: "Kama huelewi, uliza! Usijifanye!" Mtu mwenye akili angetoka pale akiwa amejifunza kuuliza. Mimi nilitoka nimeapa kwamba hatanikamata tena sijui.

Mtani wangu akaja na uvimbe. Ulikuwa shingoni kwa nyuma, upande wa kulia, ukubwa wa limao, wa mafuta, hauumi, ila ulimsumbua akiinama kwenye cherehani. Alifika asubuhi na kikapu chake, na kabla hajaketi akaanza.

"We Mmakonde! Panya wa Newala wamekushinda mbio, sasa umekuja kukamata wagonjwa?"

"Kaa chini, mchawi wa Kimakua," nikamwambia, nikiwa nimemkabili ili aone mdomo pia, maana alisikia vizuri zaidi akiuona. "Leo nakukata shingo, mama yako nimrithi mimi."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka. Nikaanza kumwandaa. Nikamwambia avue hereni, akavua. Akafungua pindo la kanga, akatoa kadi ngumu ya plastiki, yenye picha ya kichwa cha mtu na maandishi ya Kiingereza mbele na nyuma.

"Mtani," akasema, "mpe daktari wako hii. Na msinitie umeme mtu mzima mimi. Mkiniunguza redio yangu ya kichwani nitakuja kulala kwako mpaka mnizike."

Aliisema kwa sauti ya utani, kidole kikinielekea puani, na benchi zima likacheka tena. Leo najua kwamba ilikuwa njia yake ya kusema jambo zito bila kuonekana mwoga. Watu wetu ndivyo walivyo: jambo linalotutisha tunalivisha kichekesho ndipo tulitoe nje. Nami, mtu wa hapo hapo, nilipaswa kulijua hilo kuliko yeyote.

Niliigeuza ile kadi mbele, nikaigeuza nyuma. Nilishika maneno matatu manne, mengine yakanipita. Nikatikisa kichwa taratibu kama msomi.

"Sawa," nikasema. "Tumeelewa."

Nikaiweka kwenye droo pamoja na hereni zake.

Sikuipeleka kwa daktari. Nikiulizwa kwa nini, nina majibu mawili na yote yananiaibisha. La kwanza, daktari angeniuliza kadi inasemaje. La pili, nilijiona naelewa: redio ndiyo ile ya kiunoni, tukiitoa hakuna redio tena, umeme utaunguza nini? Nikamvua kisanduku na waya kwa mikono yangu, nikaviviringisha kwa uangalifu ndani ya kitambaa safi, nikaviweka mahali pakavu. Kile cha nje nilikitunza kama yai.

Akalala ubavu wa kushoto, uso ukinielekea mimi. Daktari akanawa, akaja, akauliza kama ilivyo ada: "Ana chuma chochote?"

"Hana, daktari. Nimeshamvua kila kitu."

Daktari akapiga sindano ya ganzi, akaanza kukata. Mtani wangu alikuwa macho, ila kiziwi kabisa sasa, akinitazama tu. Niliposikia daktari akiivuta kalamu ya mashine nikasogea kumziba asione, lakini pua haizibiki. Harufu ya nyama inayoungua ilipanda. Nikaona macho yake yakifunguka.

"Mtani," akasema, kwa sauti kubwa kama ya mtu asiyejisikia, "mnatumia umeme?"

"Mwambie atulie," daktari akasema bila kuinua uso.

Nami nikamtikisia kichwa: hapana.

Nimewahi kudanganya watu wengi kwa maneno, kama kila mtu. Kumdanganya kiziwi kwa kichwa, ukiwa umemkaribia mpaka unaona jasho la mdomo wake wa juu, ni kitu kingine. Hakuwa na njia nyingine ya kujua ila uso wangu.

Daktari akakanyaga pedeli tena, safari hii kwa muda. Mtani wangu akashtuka mwili mzima, mkono ukapanda. Nikaukamata, nikaushikilia kitandani.

"Nasikia ngurumo!" akapiga kelele. "Mtani, nasikia ngurumo kichwani!"

Daktari akacheka kidogo nyuma ya barakoa. Mimi pia nikacheka. Kiziwi, redio imevuliwa, anasikia ngurumo kiangazi! Nilidhani ni vituko vyake. Yeye hakuniona mdomo kwa sababu ya barakoa, ila macho yangu aliyaona yanavyocheka. Akayafumba yake, hakuyafumbua hadi uzi wa mwisho.

Usiku ule tulimlaza hospitali. Asubuhi nilimkuta ameshakunywa uji, furaha imemrudia. Jeraha lilikuwa zuri, kavu. Nikampa kisanduku chake. Akakivaa, akabandika kidude nyuma ya sikio, akawasha. Taa nyekundu ikawaka.

"Haya," akasema, "nitukane."

"Umeamka mzima, mchawi?" nikasema.

Akanitazama mdomo. Akasubiri. Kisha akacheka, akanipiga kofi la bega.

"Toa sauti! Acha kuchezesha mdomo tu!"

Alidhani namtania. Alidhani nimefanya ule mchezo wa watoto wa kusema bila sauti, ili nimtie hofu. Nami ningeweza kabisa kumfanyia hivyo, ndiyo maana hakuwa na sababu ya kuniamini. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akainuka. Mtani akaendelea kucheka na kuniambia nitoe sauti. Ndipo akamwona yule mgonjwa jinsi alivyoshtushwa na kelele zangu, akageuka tena kwangu, na kicheko kikamtoka usoni polepole. Akapiga makofi kando ya sikio lake. Akapiga tena. Akachukua kikombe cha bati akakigonga kwenye chuma cha kitanda, ko, ko, ko, akikitazama.

"Betri," akasema.

"Betri," nikakubali, upesi mno.

Nilikwenda dukani mbio na sare yangu. Nilinunua betri, hazikusaidia. Muuza duka akasema labda ni feki, siku hizi kila kitu feki, jaribu za duka la pili. Za duka la pili nazo kimya. Mtani akazianika betri zake za zamani juani kwenye ukuta wa dirisha, kama tunavyofanya sote tukitaka redio ituimbie siku moja zaidi. Hazikusaidia. Akaondoka kwenda Lulindi akisema soko huria limetuletea takataka, na mimi nikalitukana soko huria pamoja naye. Lilikuwa na makosa mengi lile soko. Hilo halikuwa lake.

Alipoondoka nikakumbuka kadi. Alikuwa ameisahau, nami pia, ilikuwa imelala peke yake kwenye droo. Nikaazima kamusi kwa mwalimu jirani yangu, nikajifungia, nikaitafsiri neno kwa neno, na penseli. Ilisema mwenye kadi hii ana kifaa ndani ya kichwa. Ilisema ukimvua sehemu ya nje, ya ndani inabaki. Ilisema vyombo vya upasuaji vya umeme visitumike kichwani wala shingoni mwake, maana umeme unaweza kusafiri hadi kwenye kifaa na kukiua, au kumdhuru sikio la ndani. Ilisema asiingizwe kwenye mashine za kupiga picha zenye sumaku kubwa kabla ya kuuliza. Ilisema daktari asome hii kwanza. Maneno haya ya mwisho yalikuwa juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, na ndiyo niliyoyapita mapema kuliko yote.

Saa ile ndiyo niliyopaswa kusimama, nikavaa viatu, nikaenda kwa daktari. Nilikaa. Nilijiambia huenda si hilo. Huenda ni betri kweli. Kila mtu anajua betri za siku hizi. Na kwa kuwa nilitaka iwe betri, nikanunua betri. Nilimpelekea kwa watu waendao Lulindi, mara tatu, na vijibarua vya matusi: hizi ni nzuri mchawi wewe, zimetoka Dar. Naye akanijibu kwa maandishi yake ya mviringo kwamba bado, mtani, lakini asante, una moyo. Ile karatasi nilishindwa kuitupa na nikashindwa kuiweka. Niliificha chini ya godoro kama mwizi.

Mara ya nne akaniandikia kwamba misheni imemsaidia kupeleka barua kwa wale wafadhili wa Ulaya, kuwaeleza kifaa kimezima ghafla baada ya kukatwa uvimbe, na kwamba majibu yatakuja. Hapo ndipo niliposhikwa. Wale watu wangeuliza umeme ulitumika au la. Natamani niseme nilikwenda Lulindi kwa kuwa dhamiri iliniuma. Iliniuma, ila miguu ilinyanyuliwa na woga. Nilitaka kufika kabla ya barua.

Niliazima baiskeli, nikaenda Jumamosi. Ilikuwa msimu wa korosho, watu wako mashambani wanaokota, njia nzima inanukia mabibo yaliyoiva. Nilimkuta kibarazani, amenipa mgongo, anakanyaga cherehani. Kisanduku kilikuwa kiunoni mwake, bado amekivaa, na kidude bado kimenata nyuma ya sikio. Kiunoni hapo hapo alikuwa amefungwa kamba ya katani. Nikaifuata kwa macho: ilipita sakafuni, ikapanda dirishani, ikaingia chumba cha mama yake.

Nilielewa mara moja ya nini. Mama akitaka maji, anavuta.

Nilikuwa nimepanga kumzunguka, nichutame mbele yake, aone mdomo. Sikufanya hivyo. Nikasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuona uzi ukiingia kwenye sindano, nikaanza kusema pale pale. Nilimwambia yote. Kwamba kadi niliipokea na sikuielewa. Kwamba sikuipeleka kwa daktari kwa kuogopa kuonekana mjinga. Kwamba umeme ulitumika, na aliponiuliza nikakataa kwa kichwa. Kwamba nimelijua hilo tangu siku ile aliyoondoka, na betri zote zile nilimletea huku najua. Nikamwomba radhi. Cherehani ikaendelea tetetete. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia nafuu, kama mtu aliyemaliza kazi. Nikashika usukani wa baiskeli.

"Nimekusikia," sauti ikasema kutoka dirishani.

Nilimsahau. Katika kupanga kwangu kote kumkimbia kiziwi, nilimsahau kipofu.

"Shikamoo, mama," nikasema. Ndilo nililoliweza.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hayo si yangu mimi, mwanangu. Zunguka mbele, akuone."

Kisha akaivuta kamba.

Binti yake akasimamisha cherehani, akageuka kuelekea dirishani, akaniona. Uso ukamchanua.

"We mla panya! Umesimama hapo tangu lini? Umeleta betri?"

Nikazunguka. Nikachutama mbele yake, nikasema tena, polepole, midomo wazi. Aliponisoma mara ya kwanza alicheka, akasema niache utani mbaya. Nikasema mara ya pili. Hakucheka, akaniangalia mdomo kama anasoma maandishi madogo. Mara ya tatu aliacha mdomo akaniangalia machoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu tujuane tukiangaliana bila kichekesho katikati.

"Ile ngurumo," akasema.

Nikakubali kwa kichwa.

"Nilikuuliza."

Nikakubali.

"Na betri je?"

Nikakubali. Nilikuwa nalia, lakini nilijua kilio changu hakina kazi pale, nikajifuta upesi. Yeye hakulia. Akafungua ule mfuko wa kitambaa kiunoni, akatoa kisanduku, akachomoa waya nyuma ya sikio, akaviweka vyote juu ya meza ya cherehani, kando ya mkasi. Kamba ikavutwa tena kutoka ndani. Akainuka, akaingia kwa mama yake, na mlango akauacha wazi. Nilimsikia mama akisema naye kwa Kimakua, taratibu, na nikajua ameshika mikono yake, au anamgeuzia uso kwenye mwanga, maana binti alikuwa akijibu kidogo kidogo. Nilikaa kibarazani hadi jua lilipofika miguuni pangu. Hakuna aliyenifukuza. Nikaondoka.

Jumatatu nilimwambia daktari. Alikaa chini. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. "Kadi ilikuwa wapi?" akauliza. Nikamwambia droo. Akasema na yeye pia alimwona na waya kichwani siku ya kwanza, alipaswa kuuliza, na kwamba mtu anaposema anasikia ngurumo mkono unatakiwa usimame. Juu ya ile mashine tukabandika ukutani karatasi ya kutukumbusha kumwuliza kila mgonjwa kilichowekwa ndani ya mwili wake, na karatasi ile ndiyo mwanzo wa swali langu. Akaandika mwenyewe barua Ulaya. Wakajibu kwa upole kwamba inawezekana kupasua upya na kuweka kingine, ila wale wazee waliomfadhili mara ya kwanza mmoja amekufa na mwingine hajiwezi. Tuliandika huku na kule. Haikuwezekana.

Miaka miwili baadaye baba yangu alifariki kule Mnyambe. Watani walikuja, kama inavyopasa, na miongoni mwao wa Lulindi walikuwa kundi zima. Wakafanya kazi yao vizuri. Mmoja akavaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akapita kati ya waombolezaji akikohoa kama yeye na kuwadai watu tumbaku, mpaka mama yangu, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu alfajiri, akacheka na kulia kwa pamoja. Mwingine akalala mlangoni na kusema maiti haitoki mpaka apewe kuku. Wakaja kwangu mmoja mmoja. Wakanitukana sura, wakanitukana mume, wakaniambia baba amekufa ili apumzike na mapishi yangu. Kila tusi lilinipunguzia uzito.

Naye alikuwepo. Alikuwa amekuja na mama yake, amemshika mkono. Nilimwona akija kwenye jamvi letu na moyo wangu ukainuka, nikamngoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata lingekuwa baya vipi ningelilipokea. Akainama mbele yangu kwa adabu, kama anavyoinamiwa mtu baki, akanipa mkono.

"Pole sana, muuguzi," akasema. "Mungu akutie nguvu."

Akaenda kukaa na wanawake wengine, akachambua mchele nao hadi mazishi yalipokwisha, na hakunitania.